Kurejea kazini: Misaada iliyopo kwa wanawake na pengo lisilozibwa

MWALIMU wa shule ya msingi aliyefuzu kwa cheti cha P1, akafunza miaka michache, kisha akaacha kazi mwaka wa 2012 ili kulea watoto wake, akitaka kurejea darasani leo atakuta mengi yamebadilika. Mtaala wa 8-4-4 aliokuwa akifunza ulianza kuondolewa mwaka wa 2017 na nafasi yake kutwaliwa na Mtaala wa Umilisi. Cheti chake nacho kimepitwa na wakati, kwa kuwa tangu mwaka wa 2021 vyuo vya walimu wa shule za msingi vimekuwa vikisajili wanafunzi wa stashahada. Isitoshe, kwa miaka mingi mwongozo wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC) wa kuajiri walimu wapya ulitaka mwombaji awe hajafikisha umri wa miaka 45.

Mwanamke huyo hakufutwa kazi wala hakushtakiwa kwa utovu wa nidhamu. Alifanya kile ambacho jamaa zake, majirani na pengine hata mwajiri wake walimtarajia akifanye, yaani kubaki nyumbani wakati mtoto alipomhitaji. Gharama ya uamuzi huo huja baadaye, tena humfikia yeye peke yake.

Hali hii haiwahusu walimu tu. Muuguzi hutakiwa kuwa na leseni inayofanywa upya na Baraza la Wauguzi, na ili aipate sharti aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza. Wakili huhitaji cheti cha kila mwaka kabla ya kusimama mbele ya hakimu. Karani aliyeondoka benki enzi za foleni ndefu kaunta atakuta kwamba wateja wengi wamehamia kwenye simu, na kazi aliyoijua imepungua au imetoweka kabisa.

Kote duniani mipango ya kuwasaidia wanawake wa aina hii hugawika mara mbili. Kuna ile inayomrudisha mwanamke katika taaluma yake ya awali na kuna ile inayomwezesha kuanza nyingine. Kenya ina sheria na hazina kadhaa ambazo hutajwa kila suala hili linapozuka. Ukizichunguza moja baada ya nyingine, utagundua kwamba kila moja humtaka mwanamke awe mtu fulani: mama aliye likizoni, mfanyabiashara, kijana, au mfanyakazi ambaye tayari ana mwajiri. Aliyeacha kazi ya mshahara kwa miaka saba au minane na sasa anaitaka tena si yeyote kati ya hao.

Haki ya miezi mitatu

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, iliyoanza kutekelezwa Juni 2008, ndiyo ngao ya kwanza. Kabla yake mama mfanyakazi alipewa miezi miwili pekee ya likizo ya uzazi, na akiichukua alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Sheria mpya iliongeza muda huo hadi miezi mitatu kwa mshahara kamili na kupiga marufuku mtindo wa kumnyang'anya mama likizo ya mwaka kwa sababu amejifungua. Baba alipewa majuma mawili.

Kifungu cha 29 kina sehemu ambayo wafanyakazi wengi hawaisomi. Mama anapomaliza likizo ana haki ya kurejea katika kazi aliyokuwa akiifanya, au nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyo duni kuliko yale ya awali. Mwajiri anayempokea kwa kumshusha cheo anavunja sheria. Hata hivyo, mama naye ana wajibu. Sharti atoe ilani ya maandishi angaa siku saba kabla ya kuondoka, akieleza tarehe ya kwenda likizo na nia yake ya kurudi. Mwajiri akitaka, aonyeshe pia cheti cha daktari au mkunga.

Sheria hiyo inaeleza vilevile kwamba likizo ikirefushwa kwa idhini ya mwajiri, au ikiunganishwa na likizo ya mwaka au ya ugonjwa, haki ya kurejea husubiri hadi siku ya mwisho ya muda huo ulioongezwa. Hapa ndipo wengi hupotea njia. Mama anayehisi kwamba miezi mitatu haimtoshi huandika barua ya kujiuzulu, ilhali angeandika ya kuomba likizo zaidi, hata bila malipo. Barua ya kwanza hukata uhusiano wake na mwajiri siku hiyo hiyo, lakini ya pili, ikikubaliwa kwa maandishi, humhifadhia kiti chake.

Mwaka wa 2017 Sheria ya Afya iliongeza nguzo nyingine. Inawataka waajiri kutenga mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa, na kumpa muda wa kufanya hivyo ambao kwa jumla hauzidi saa moja katika kila saa nane za kazi. Wanaotembelea afisi na viwanda vingi watashuhudia kwamba chumba hicho hakionekani. Sheria zote mbili, licha ya uzuri wake, humlinda mwanamke ambaye bado ana mwajiri. Akishajiuzulu hazimtambui tena.

Mikopo ya biashara

Ukimuuliza afisa wa serikali ni nini kimefanywa kumwinua mwanamke kiuchumi, atataja hazina. Ya kwanza ni Hazina ya Wanawake, iliyoundwa mwaka wa 2007 na ambayo imekuwa ikivikopesha vikundi vya akina mama bila riba, kwa ada ndogo ya usimamizi. Ya pili ni Hazina ya Uwezo, iliyozinduliwa Septemba 2013 kwa Sh6 bilioni zilizokuwa zimewekwa kando kwa duru ya pili ya uchaguzi wa urais, duru ambayo haikufanyika. Mwaka huo huo serikali iliagiza asilimia 30 ya zabuni zake zitengewe wanawake, vijana na walemavu. Novemba 2022 ikaja Hazina ya Hustler, inayomkopesha mtu binafsi kupitia simu, kuanzia Sh500.

Hakuna anayeweza kudai kwamba fedha hizi hazijasaidia. Zimejaza vibanda sokoni, zimenunua cherehani na kuku wa mayai, na kampuni za wanawake zimepata kandarasi za kuwasilisha vyakula na vifaa katika taasisi za umma. Shida ni dhana iliyo nyuma yake, kwamba mwanamke asiye na kazi ni mfanyabiashara anayekosa mtaji. Muuguzi mwenye stashahada na tajriba ya miaka sita wodini hataki mkopo wa kununua gunia la viazi. Anataka leseni yake, mafunzo ya miezi michache kuhusu yaliyobadilika, na hospitali itakayompokea.

Katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo kidogo ni ya jua kali, pengine haishangazi kwamba wapangaji sera huanza na biashara ndogo. Lakini tija ya kuwafunza wauguzi, walimu na mafundi kwa fedha za umma hupotea pale wanapoishia kuuza mitumba, si kwa kupenda bali kwa kukosa mlango mwingine.

Umri kikwazo

Mipango inayohusu ajira moja kwa moja, ile inayotoa mafunzo na kumtafutia mtu pa kufanyia kazi, imeelekezwa kwa vijana. Mkubwa zaidi katika miaka ya karibuni ulikuwa ule wa nafasi za ajira kwa vijana uliojulikana kama KYEOP, ulioidhinishwa mwaka wa 2016 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 za Marekani. Uliwapeleka vijana kwa mafundi stadi wa jua kali na katika vyuo, ukawalipa posho wakijifunza, na kuwapa baadhi yao ruzuku ya kuanzisha biashara. Walengwa walikuwa wenye umri usiozidi miaka 29 na ambao elimu yao haikupita kidato cha nne. Mradi wa NYOTA uliofuata nao umeweka mpaka wa miaka 29, ila kwa walemavu ambao huruhusiwa hadi 35.

Hesabu ni rahisi. Mwanamke anayejifungua mtoto wa kwanza akiwa na miaka 25 na wa pili akiwa na 28, kisha akasubiri huyo wa pili aingie Gredi ya Kwanza, atakuwa na miaka 34. Kwa mipango hiyo amekwisha kuzeeka. Katiba yenyewe humwita kijana mtu ambaye hajafikisha miaka 35, kwa hivyo mwaka mmoja baadaye hata kwa kigezo hicho kipana atakuwa nje.

Aliyesoma chuo kikuu hukabiliwa na kikwazo kingine. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) kwa muda mrefu imekuwa ikitoza faini ya Sh5,000 kila mwezi kwa asiyelipa mkopo wake, awe na mshahara au asiwe nao. Mama aliyekaa nyumbani miaka mitano bila kuiandikia bodi angeweza kurudi sokoni akiwa na deni la faini la Sh300,000 juu ya mkopo wenyewe, huku waajiri wengi, hasa wa umma, wakimtaka alete barua ya HELB inayomwondolea lawama. Mwaka wa 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini hazifai kuzidi kiasi cha mkopo wa awali. Uamuzi huo ulileta afueni, ingawa anayejua kwamba ataacha kazi ana salama zaidi akiwasiliana na bodi mapema na kuomba mpango mwingine wa malipo.

Milango ya pembeni

Kwa mwenye ujuzi wa mikono njia si finyu sana. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Kiviwanda (NITA), iliyopata sura yake ya sasa baada ya sheria kufanyiwa marekebisho mwaka wa 2011, husimamia mitihani ya gredi kwa mafundi wa kila aina. Fundi wa cherehani, msusi, mpishi au fundi wa umeme aliyejifunza kazi kwa kuifanya anaweza kujisajili na kutahiniwa kwa vitendo bila kuwasilisha cheti cha chuo. Huanza na gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza. Kwa mwanamke aliyeshona nguo za majirani kwa miaka kumi sebuleni kwake, karatasi hiyo ndiyo tofauti kati ya maneno matupu na ithibati mbele ya mwenye kiwanda.

NITA hutegemea ushuru ambao mwajiri hulipa, unaohesabiwa kwa Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Mwajiri aliyelipa huweza kudai fidia ya gharama za kuwafunza wafanyakazi wake. Ni mpango mzuri, ila ndani yake mna kitendawili. Asiye na mwajiri hana wa kumlipia ushuru, wala wa kumwombea mafunzo. Kwa maneno mengine, hazina kubwa ya kunoa ujuzi nchini huwanufaisha kwanza wale ambao tayari wako ndani ya lango la kiwanda.

Mwaka wa 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, chini ya uratibu wa mamlaka inayosimamia mfumo wa kitaifa wa vyeti na stahili za masomo, KNQA. Nia yake ni kwamba mtu apimwe kwa anachokijua, kisha apewe cheti kinachoweza kumfikisha hata katika masomo ya juu. Sera hiyo ilipigiwa debe zaidi kwa ajili ya mafundi wa jua kali, lakini kwa namna yake inawafaa pia wanawake waliotunza wagonjwa, walioendesha vituo vya watoto au waliosimamia hesabu za vyama bila kulipwa. Itawafaa tu ikiwa watajua kwamba ipo na ikiwa ada ya kupimwa haitawashinda.

Kuna pia Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016 na kupewa jukumu la kuwasajili wanaotafuta kazi na kuwaunganisha na waajiri. Usajili haulipishwi, na anayeombwa hongo au 'ada ya faili' ili asajiliwe anatapeliwa. Sheria hiyo inataja vijana na makundi yaliyotengwa. Haina sehemu inayomzungumzia anayerejea baada ya kulea.

Mtoto abaki na nani?

Mipango mingi huanguka kwa sababu ambayo haihusiani na ujuzi hata kidogo. Mwanamke huitwa kwenye mafunzo ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, na hakuna aliyeuliza mtoto wake atakuwa wapi.

Utafiti mmoja uliofanywa Nairobi unastahili kujulikana zaidi kuliko unavyojulikana. Katika mtaa wa Korogocho, wataalamu wa Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya barani Afrika (APHRC) wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha McGill cha Canada waliwafuatilia akina mama zaidi ya 1,000 wenye watoto wadogo. Baadhi yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipewa vocha za kulipia kituo cha kulelea watoto mtaani humo. Wengine hawakupewa. Hakuna aliyefunzwa kazi wala kukopeshwa senti.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka wa 2019, yalikuwa wazi. Akina mama waliopewa vocha walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi, kwa pointi 8.5 za asilimia, kuliko wale ambao hawakupewa. Walionufaika zaidi kwa kupata ajira ni walio na waume. Wale wanaolea peke yao tayari walikuwa wakifanya kazi, maana wangekula nini? Kwao faida ilikuwa ya namna nyingine. Waliweza kuhamia kazi za mchana zenye saa zinazotabirika, bila mapato yao kupungua kwa kiwango cha kuhesabika.

Funzo lililofichika hapo ni kwamba wengi wa wanawake hao hawakuwa wakingoja kufundishwa kuandika barua ya kuomba kazi. Walikuwa wakingoja mtu wa kuaminika wa kumshika mtoto. Anayeweza kumlipa yaya hushindwa kuliona hili kwa urahisi, na pengine ndiyo maana halionekani sana katika stakabadhi za sera, ambazo huandikwa na wenye yaya.

Ya ng'ambo

Wazo la kwamba serikali ina wajibu kwa mwanamke anayerejea si geni. Nchini Marekani lilitokana na hasira za wajane na wanawake waliotalikiwa miaka ya sabini. Wawili kati ya walioliongoza, Tish Sommers na Laurie Shields wa California, waliona kwamba mke aliyetunza nyumba kwa miaka 20 au 30 akiachwa au akifiwa hakuwa na kiinua mgongo, bima ya afya wala haki ya malipo ya wasio na kazi, kwa kuwa kisheria hakuwahi 'kufanya kazi'. Jimbo la California lilipitisha sheria kuwahusu mwaka wa 1975, na mwaka uliofuata kituo cha kwanza kikafunguliwa mjini Oakland. Kiliwasaidia wanawake hao kutambua ujuzi waliokuwa nao na kuutafutia ajira. Kufikia 1978 Bunge la taifa lilikuwa limewaingiza katika sheria ya mafunzo ya kazi. Kundi hilo limebaki katika sheria za Marekani hadi leo, ikiwemo ile ya mwaka wa 2014 inayoongoza huduma za ajira.

Kampuni kubwa nazo zilijiunga baadaye. Mwaka wa 2008 benki ya Goldman Sachs ilianzisha mafunzo ya majuma kadhaa yenye malipo kwa waliokuwa wameacha taaluma zao, na mwaka huo huo kundi la Tata la India likaja na mpango wake kwa wanawake. Mipango kama hii huwafaa wenye shahada na waliowahi kushika nyadhifa. Kwa idadi haiwezi kugusa wengi.

Mfano unaokaribia zaidi kile ambacho Kenya inaweza kujifunza unatoka Korea Kusini. Huko wanawake wengi walisoma sana, wakaajiriwa wakiwa na miaka ya ishirini, wakaondoka walipoolewa au kujifungua, na kurudi wakiwa na miaka ya arobaini katika kazi duni kuliko walizoacha. Wachumi walipoichora hali hiyo kwenye karatasi, mstari ulipanda, ukashuka na kupanda tena mfano wa herufi M. Mwaka wa 2008 nchi hiyo ilitunga sheria mahususi ya kukuza shughuli za kiuchumi za wanawake ambao taaluma zao zimekatizwa na ndoa, uzazi au malezi. Tangu mwaka wa 2009 vituo maalum vinavyoitwa Saeil, yaani kazi mpya, vimefunguliwa kote nchini humo na kupita 150.

Namna vituo hivyo vinavyofanya kazi ndiyo muhimu. Mwanamke hupokewa na mshauri mmoja anayemfuata toka mwanzo hadi mwisho. Husaidiwa kuamua kama atarejea kazi ya zamani au atabadilisha. Hupewa mafunzo yaliyopangwa kwa kuangalia waajiri wa eneo hilo wanahitaji nini, kisha hupelekwa kwa mwajiri kama mwanagenzi huku serikali ikichangia malipo kwa miezi ya kwanza. Mwajiri akimbakiza hupata nyongeza. Baada ya kuajiriwa haachwi, kwani kituo huendelea kumfuatilia, pamoja na kumsaidia kupanga malezi ya mtoto.

Mpango huo una lawama zake. Wakosoaji nchini humo wamelalamika kwamba kazi nyingi zinazopatikana kupitia vituo ni za mshahara mdogo na za muda mfupi, na kwamba serikali imekuwa ikitibu jeraha badala ya kuzuia kisu. Bunge lao lilisikia. Katika marekebisho ya mwaka wa 2021 sheria hiyo ilipewa jina jipya na kupanuliwa ili izuie wanawake kuacha kazi kwanza, kabla ya kuhangaika kuwarudisha.

Jukumu la kaunti

Kenya haina fedha za Korea Kusini. Ina kitu kingine, nacho kimo katika Katiba ya 2010. Jedwali la Nne, linalogawa majukumu kati ya serikali kuu na kaunti, linaweka elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya sayansi kimu na vituo vya kulelea watoto mahali pamoja, katika kipengele kimoja cha kazi za kaunti. Waandishi wa Katiba waliviweka chini ya paa moja. Kaunti nyingi zimejenga vyuo vya ufundi na madarasa ya chekechea, na ni jambo la kupongezwa. Vituo vya kulelea watoto wachanga ndivyo vilivyosahauliwa, na kazi hiyo kuachiwa akina mama wa mitaani wanaolea watoto katika vyumba vyao kwa malipo ya kutwa, mara nyingi bila mafunzo wala ukaguzi.

Kaunti inayotaka kumrudisha mwanamke kazini haihitaji sheria mpya ya Bunge. Chuo cha ufundi kikiwa na chumba kimoja cha watoto, ratiba ya nusu siku na makubaliano na NITA ya kuwatahini wanafunzi wa umri wowote, sehemu kubwa ya mfumo wa Saeil itakuwa tayari imepatikana. Kitakachobaki ni waajiri wa eneo hilo kukubali kumpokea mtu kwa majaribio ya miezi mitatu, na mtu wa kuwafuata awabembeleze. Kuhusu serikali kuu, ushuru wa Sh50 ungeweza kutengewa fungu dogo kwa ajili ya waliokuwa wafanyakazi, si walio kazini pekee. Hilo lingehitaji uamuzi wa kisiasa kuliko fedha mpya.

Wakati hayo yakisubiriwa, mwanamke anayejiandaa kurudi atalazimika kuyaunganisha mwenyewe mambo yaliyotawanyika. Kwa taaluma zinazohitaji leseni, aanze na baraza au bodi husika kuuliza masharti ya aliyekaa nje, kabla ya kutuma ombi lolote la kazi. Wenye cheti cha P1 waulize katika chuo cha walimu kuhusu kozi za kupanda hadi stashahada. Mwenye ujuzi bila karatasi aende afisi ya NITA iliyo karibu kuulizia tarehe na ada ya mtihani wa gredi. Katika wasifu wake asiifiche miaka aliyokaa nyumbani, maana mwajiri ataihesabu tu. Aandike aliyoyafanya kwa majina yake halisi: mweka hazina wa chama, mjumbe wa bodi ya shule, mlezi wa mgonjwa, mwenye kibanda aliyejaza hesabu zake kila jioni. Na kabla ya siku ya mahojiano awe amekwisha kuelewana na atakayebaki na mtoto, kwa sababu swali hilo, hata pale sheria inapolikataza, bado huulizwa.